Commodore 64 iliyolala sandukuni Amu: niirudishe vipi bila kuiua?

MwanaAmu_64

Asalaam aleikum wanajamvi.

Nataka kuirudia kompyuta yangu ya zamani, Commodore 64, iliyofungwa sandukuni tangu 1997, nyumba ya mawe, Lamu mjini. Ni ile ya kahawia yenye mgongo wa duara kama boflo. Ilitoka Uingereza, kwa hiyo ni ya PAL (mfumo wa picha za TV wa huko) na umeme wake ni wa 240 V. Pamoja nayo kuna tofali lake la umeme la asili, mashine ya kaseti 1530, draivu ya diski 1541, kaseti arubaini hivi na diski kumi na tano. Bodi imeandikwa 250407.

Sijachomeka kitu hata kimoja. Kwa macho naona hivi: ncha za bodi zinazotokeza nyuma zina kutu ya shaba, A na RETURN zikibonyezwa hazirudi, diski tatu zina ukungu mweupe dirishani, na mkanda wa ndani ya 1530 umegeuka lami.

Nilizo nazo ni multimita ya bei rahisi, pasi ya solda ya wati 30, TV bapa ya inchi 32 yenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe pamoja na HDMI, na sola ya nyumbani kwa siku ambazo stima imepotea.

Nianzie wapi? Tofali la asili laaminika? Na kaseti zilizovuta hewa ya bahari miaka yote hii zina uhai? Tafadhali msinishauri ninunue zile ndogo za kisasa zenye michezo ndani. Nazijua. Nataka hii.

---

FundiSolda_MLD (Malindi)

Wa aleikum salaam. Anza na tofali, mengine yote yasubiri. Usilichomeke kwenye mashine.

Ndani yake mna transfoma yenye njia mbili. Moja hutoa 9 V za AC kama zilivyo. Ya pili hupita kwenye dayodi na regyuleta ikawa 5 V za DC. Kiwandani walimimina epoksi juu ya kila kitu, kwa hiyo joto halina pa kutokea na hakuna fundi wa kulifungua akalitengeneza. Regyuleta ile ikichoka, mara nyingi haikati umeme, bali huuachia. Zile 5 V zinakuwa 6, zinakuwa 7, na kwenye bodi hakuna kitu cha kuzizuia. RAM (chipu za kumbukumbu) hufa kwanza, PLA (chipu inayochagua kumbukumbu ipi isomwe) hufuata.

Kwa kujua tu, unaweza kulipima likiwa peke yake. Plagi ni DIN, ile ya duara, ya pini 7 na namba zimechorwa kwa udogo kwenye plastiki. Pini 5 ni +5 V, pini 1, 2 na 3 ni ardhi, pini 6 na 7 ni 9 V AC, pini 4 haina kazi. Ikizidi 5.25 V, kwaheri. Ikiwa 5.1 V bado usifurahi: tofali baridi lisilo na mzigo husoma vizuri, kisha nusu saa baadaye likipata moto linapanda. Mimi hulipima ili nijue kama mashine huenda ilishaumizwa zamani, si ili nilitumie.

Tengeneza lako:

- Adapta ya kufungia ndani ya boksi, 5 V, ampea 3, yenye skrubu ndogo ya kurekebisha volti. Chaja ya simu usiiguse. Nyingi zina kelele na zikibebeshwa mzigo zinashuka chini ya 4.75 V, hapo mashine inaanza kujizima na kuwaka bila mpangilio.
- Transfoma ya 240 V kwenda 9 V, VA 15 hadi 20. Bila mzigo itasoma 10 au 11 V, hiyo ni kawaida ya transfoma.
- Fyuzi mbili: 500 mA ya polepole upande wa 240 V, na 1.5 A upande wa 9 V.
- Waya wa 0.75 mm² kwa +5 V na ardhi. Waya mwembamba wa mita moja na nusu unameza 0.2 hadi 0.3 V njiani, halafu unalaumu adapta bure.
- Boksi la plastiki lenye matundu ya hewa.

Plagi ya DIN 7 ikikosekana, kata waya wa tofali la zamani uutumie. Usiamini rangi za nyaya. Fuata kila uzi kwa mlio wa multimita hadi kwenye pini yake. Nyaya mbili za 9 V AC zisiungwe na ardhi popote ndani ya boksi. Mwisho, rekebisha ile skrubu upate 5.05 V kwenye plagi.

Mtu atakuja hapa kukwambia 9 V ni za mapambo. Kwenye bodi ya 250407 hizo ndizo zinazozaa 12 V za VIC-II (chipu ya picha) na SID (chipu ya sauti), 5 V za pili zinazolisha VIC na mzunguko wa saa, na nguvu ya mota ya kaseti. Juu ya hayo, chipu za CIA 6526 (zinazohudumia kibodi na matundu) huhesabu yale mapigo 50 ya AC kwa sekunde ili zijue saa. Zikikosekana, taa nyekundu inawaka lakini kioo kinabaki cheusi tititi.

---

Sola_ya_Mokowe

Nyongeza kwenye hilo la mapigo 50. Inveta nyingi za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi-ngazi, si wimbi laini. Transfoma ya 9 V ikilishwa hilo hunguruma na kupata joto kuliko kawaida, na draivu ya 1541 vilevile, maana nayo ina transfoma kubwa ya aina hiyohiyo ndani. Adapta ya 5 V haitajali. Kama inveta yako si ya wimbi laini, siku stima imepotea pumzika. Na usiwashe mashine dakika ile stima inaporudi. Zile sekunde za kwanza volti huruka.

---

BintiShela

Kaka MwanaAmu, wakati unasubiri vifaa vya umeme, fungua na uoshe. Sisi watu wa visiwani hukosea hapa kwa kufuata maelekezo ya watu wa nchi kavu. Wao husema futa bodi kwa alkoholi basi. Vumbi la kwao ni vumbi tu. La kwetu lina chumvi, na chumvi haiyeyuki kwenye alkoholi ya isopropili. Ukifuta kwa alkoholi peke yake unaisambaza. Kusi likianza, chumvi ile inanyonya unyevu tena na kutu inaendelea chini ya soketi pasipo wewe kuona.

Skrubu ni tatu, chini, upande wa mbele. Inua mbele taratibu kama kifuniko cha kasha, kwa sababu kibodi na taa zimeungwa kwa nyaya na hazina urefu wa kuchezea. Utakuta karatasi ngumu iliyopakwa bati jembamba juu ya bodi. Itupe. Inafungia joto na inashika unyevu. Lakini kama yako ina bati la chuma lenye ndimi zinazogusa chipu, ndimi zile hubeba joto. Ukiliondoa, weka vipande vya alumini vya kupozea juu ya VIC, SID na PLA.

Piga picha kila upande kabla hujagusa. Chipu zilizo kwenye soketi zing'oe kwa bisibisi bapa, upande huu kidogo, upande ule kidogo, na uandike kila moja pengo lake la ukingoni lilielekea wapi. Miguu iliyokuwa myeusi ni fedha iliyochakaa. Isugue kwa kalamu ya nyuzi za kioo au kifutio kigumu cha wino, kisha pangusa.

Kuosha: maji ya betri ya gari yale yaliyotoneshwa (MAJI, si asidi, someni chupa), ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini. Penye kutu ya kijani paka siki nyeupe kwa kijiti cha pamba, dakika moja au mbili, kisha maji tena mengi. Boksi la bati la kutolea mawimbi ya TV lililo kwenye kona ya bodi lisizamishwe, maji yakiingia hayatoki. Baada ya hapo ndipo alkoholi ya isopropili ya 99% inapata kazi yake, ambayo ni kusukuma maji nje. Kausha siku mbili kivulini mbele ya feni. Kama unaweza kusubiri kaskazi, bora zaidi. Kuosha bodi mwezi wa Mei hapa ni kujitafutia shida.

Spiriti ya hospitali hapana. Aina nyingi zina mafuta ndani yake, na mafuta hayo yanabaki kwenye ncha za bodi na kukamata vumbi.

Kibodi ina skrubu nyingi ndogo nyuma, na nyaya mbili za SHIFT LOCK lazima zitolewe solda kwanza, vinginevyo utazikata. Vifuniko vya vitufe viloweke kwenye maji ya sabuni usiku mmoja. Vidoti vyeusi vya kaboni chini ya vitufe vipanguse kwa alkoholi kwa kugusa tu. Ukisugua, kaboni inaondoka na kitufe kinakufa kabisa. A na RETURN kutorudi ni uchafu au springi yenye kutu, si zaidi. Kuhusu kuing'arisha plastiki kwa dawa ya nywele, nyie wenye mashine nyeupe fanyeni. Ya kahawia iache na rangi yake.

---

FundiSolda_MLD

Hilo la chumvi na alkoholi lichapishwe libandikwe ukutani.

---

MwanaAmu_64

Shukrani. Majibu ya vipimo:

Tofali la zamani, baridi, bila mzigo: 5.6 V. Limeshastaafu.
Umeme mpya: 5.06 V kwenye plagi, 10.4 V AC bila mzigo.
Bodi imeoshwa, imekauka siku tatu. Chipu zote za soketi zimerudishwa. Hakuna kilichochomekwa nyuma ila umeme na waya wa antena wa TV.

Nikiwasha, taa nyekundu inawaka, kioo ni cheusi. Nilizima baada ya sekunde ishirini. Je, RAM ndiyo imekwenda?

---

FundiSolda_MLD

Huenda, lakini usiizike kabla hujapima. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Kwanza hakikisha TV iko mahali pake. Mashine za PAL hutoa picha kwenye chaneli 36 ya UHF. TV bapa ikishatafuta chaneli za dijitali peke yake haitaiona kamwe. Ingia kwenye utafutaji wa analogi kwa mkono. Kioo cheusi cha mashine ni tofauti na kioo cha TV isiyopata kitu: cha mashine ni cheusi kilichotulia, ile mchanga-mchanga ya chaneli tupu inatoweka ukiwasha.

Pili, fyuzi F1 iliyo kwenye bodi. Ni ya kioo, 1.5 A, na inalinda njia ya 9 V AC tu. Taa nyekundu inatumia 5 V, kwa hiyo taa kuwaka hakukwambii lolote kuhusu 9 V. Pima AC upande wa kuingilia kwenye fyuzi, kisha upande wa kutokea. Kwa mashine iliyokaa Lamu, tazama zaidi vile vishikizo vya fyuzi kuliko fyuzi yenyewe.

Tatu, weka waya mweusi wa multimita kwenye ardhi na upime:
SID 6581, pini 28: 12 V. Pini 25: 5 V.
RAM yoyote kati ya zile nane za 4164, pini 8: 5 V. Ardhi yake ni pini 16. Ndiyo, ni kinyume cha chipu nyingi, usishangae.

Volti zote zikiwepo na kioo bado cheusi, tumia kidole. Iache dakika moja kisha gusa RAM moja moja. Zote zinapaswa kuwa vuguvugu kwa kulingana. Ile inayochoma peke yake imekufa. VIC na PLA kuwa za moto ni tabia yao.

Kidole kikishindwa, tafuta katriji ya majaribio iitwayo Dead Test. Inachukua nafasi ya ROM (programu ya kudumu) ya mashine, kwa hiyo inafanya kazi hata kama RAM ni mbovu. Kioo kitamweka kwa kuhesabika, na idadi ya kumweka inaonyesha chipu ipi ya RAM. Isipomweka kabisa, mtazame PLA. Kupachika 4164 nzima juu ya ile unayoishuku kunasaidia ikiwa mbovu imekatika ndani. Ikiwa imeshonana (shoti), haisaidii kitu, msipoteze jioni nzima hapo.

Ukifika kubadilisha RAM: kwa pasi ya wati 30 usijaribu kuing'oa ikiwa nzima. Kata miguu yote 16 kwa koleo ndogo, toa mguu mmoja mmoja, safisha matundu kwa utambi wa kunyonya solda, kisha weka soketi. Chipu ni ya bei ndogo. Njia za shaba za bodi ile zikibanduka ndipo utakapolia.

Na onyo kwa wanaosoma tu: SID aina ya 8580 inataka 9 V. Ukiichomeka kwenye bodi hii ya 12 V unaichoma. Miguu inalingana, volti hazilingani.

---

MwanaAmu_64

F1 nzima. Upande wa kuingilia 10.1 V, upande wa kutokea sifuri. Kishikizo kimoja kilikuwa kimeota kutu chini, pale kinapoingia kwenye solda. Nimekisugua, nimetia solda upya, SID pini 28 sasa ni 11.9 V.

Kioo sasa kinaandika: 38911 BASIC BYTES FREE. READY. Kile kisanduku kinamweka.

Shida iliyobaki: picha ina mchanga na sauti ni mvumo tu, shhhhh, hata nikiandika amri za POKE za kupiga noti.

---

TV_ya_Chogo

Alhamdulillah. Huo mvumo si SID. Mashine za soko la Uingereza hurusha sauti kwa mfumo wa PAL I, yaani 6.0 MHz juu ya picha. TV za kwetu hutarajia PAL B/G, ambayo ni 5.5 MHz. Picha inaingia, sauti inakosa mlango. TV nyingi bapa zina mahali kwenye menyu ya chaneli za analogi pa kuchagua mfumo wa sauti, BG, DK au I. Weka I, mvumo unakwisha.

Lakini kwa nini uende kwa antena hali una tundu la njano? Nyuma ya bodi ya 250407 kuna DIN ya pini 8 ya picha na sauti. Pini 2 ni ardhi, 3 ni sauti ya kutoka, 4 ni picha kamili ya rangi, 1 ni mwanga peke yake na 6 ni rangi peke yake. Plagi ya zamani ya DIN ya pini 5 ya nusu duara, ile ya amplifaya za zamani, inaingia humo bila kulazimisha, na pini zake 2, 3 na 4 zinakutana na unazozihitaji. Njano kwenye 4, nyeupe kwenye 3, ardhi zote mbili kwenye 2. Pini 5 ni sauti ya kuingia, iache.

TV yenye tundu la S-Video itakupa herufi safi zaidi kwa kutumia 1 na 6. Hapo weka rezista ya omu 330 kwenye waya wa rangi, kwa sababu Commodore hutoa rangi yenye nguvu kupita kiasi na bila rezista, rangi nyekundu inamwagika nje ya mistari.

Vibadilishaji vidogo vya HDMI vya bei poa sivipendi. Picha ya C64 haina mistari ya kupishana, ni mistari ile ile mara 50.12 kwa sekunde. Kibadilishaji kinadhani inapishana, kinachanganya fremu mbili, na vitu vinavyomweka kwenye michezo vinapotea au vinakuwa vivuli. Kisha kinageuza 50 kuwa 60 na kila kinachosogea kinajikwaa. Kwa kuandika BASIC sawa. Kwa michezo, tafuta TV ya chogo iliyoachwa stoo. Ila usiifungue, kioo kile hukaa na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa.

---

BintiShela

Sasa kaseti, maana nazo zilikuwa kwenye swali na mafundi wa umeme hapo juu wamezisahau kama kawaida yao.

1530 kwanza. Ile lami ya mkanda itoe yote kwa alkoholi, kwenye gurudumu la mota na lile zito. Vaa glavu, rangi ile haitoki kucha wiki nzima. Pima njia ya mkanda kwa uzi, na mkanda mpya uwe mfupi kuliko uzi kwa asilimia 5 hadi 10. Ukiubana zaidi mota inachoka na kaseti inakokota. Safisha hedi, fimbo ya chuma inayovuta utepe na gurudumu la mpira. Mpira ukiwa unang'aa kama kioo, usugue kidogo kwa msasa laini kabisa hadi ufifie.

Skrubu ya kulenga hedi inafikiwa kwa kitundu kilicho juu ya kifuniko. Usiiguse bado. Anza na kaseti zilizorekodiwa kwenye mashine hii hii. Hizo zilirekodiwa na hedi ikiwa pale pale ilipo, kwa hiyo kama zinakataa, kosa liko kwingine: mkanda, uchafu, mwendo. Zikisoma na za dukani zikakataa, hapo ndipo unazungusha, robo ya robo ya mzunguko kwa mara moja, baada ya kutia alama ya wino mahali pa mwanzo.

Subira pia. Bila turbo (programu ya kuharakisha upakiaji) mashine inasoma baiti 50 hivi kwa sekunde kwa sababu kila faili limerekodiwa mara mbili ili ikosoe makosa yake. Programu ya KB 10 ni dakika tatu na nusu. Watu huzima wakidhani imeganda.

Kaseti yenye ukungu isiingie kwenye 1530 kabisa. Tumia deki ya redio ya bei rahisi usiyoijali: peleka mbele mpaka mwisho, rudisha, huku utepe ukipita katikati ya kitambaa kikavu kisicho na manyoya. Fanya nje ya nyumba, vumbi la ukungu si la kuvuta. Tazama na kile kipande cha sufi kinachosukuma utepe kwenye hedi. Gundi yake hukauka, kikidondoka kaseti inasoma kwa kukatakata. Kisha kabla ya kuicheza kwa raha, iingize kwenye kompyuta ya kawaida kama WAV, mono, 44.1 kHz, uigeuze kuwa faili la TAP (nakala ya kaseti) kwa programu ya Audiotap. Fanya hivyo mara ya kwanza utepe unapopita, si mara ya tano.

---

FundiSolda_MLD

Diski za ukungu ni hivyo hivyo ila kali zaidi. Diski moja chafu ikiingia 1541 inachafua hedi, na hedi chafu inakwangua diski inayofuata hata kama ni nzima. Kata ukingo mmoja wa ganda, toa ile sahani, ioshe kwa maji ya betri ya vuguvugu na tone la sabuni kwa vidole bila kusugua, isuuze, kausha ikiwa imening'inizwa, kisha ivalishe ganda la diski mbovu lililo safi. Soma mara moja tu, nakili, weka kando. Hedi isafishwe kila baada ya diski. Kwa kunakili, ZoomFloppy inaunganisha 1541 na kompyuta yenye USB na kukupa faili la D64 la baiti 174,848, nyimbo (njia za duara za data) zote 35 za diski.

1541 yenyewe ina 240 V ndani, kwa hiyo ifungue ikiwa imechomolewa. Ukiiwasha peke yake, taa nyekundu iwake kidogo na mota izunguke, kisha vyote vizime. Taa ikibaki imewaka mota ikizunguka bila kukoma, ROM au RAM yake ina tatizo. Ule mlio wa kugonga-gonga kama mtu anabisha hodi ni hedi inatafuta wimbo wa kwanza, si ubovu.

Jambo linaloua mashine nyingi baada ya kufufuliwa: usichomeke wala kuchomoa kaseti, draivu au kitu chochote cha nyuma huku imewashwa. Na usizishike kwa vidole pini za tundu la kijiti cha kuchezea. Zimeungwa moja kwa moja na CIA, hakuna kinga yoyote kati yake na wewe.

---

MwanaAmu_64

Kaseti mbili nilizorekodi hapa hapa zimesoma bila kugusa skrubu. Swali la mwisho. Kwa matumizi ya kila siku ili diski zipumzike, SD2IEC au Pi1541, vile vifaa vya kusoma kadi ya SD badala ya diski? Na mashine ikae wapi?

---

TV_ya_Chogo

SD2IEC ni nafuu, haili umeme, na kwa faili za kawaida inatosha. Haiigi ubongo wa 1541, kwa hiyo michezo inayopakia kwa kasi kwa kutumia programu yake yenyewe ndani ya draivu mara nyingi itagoma. Pi1541 inaiga draivu yote hatua kwa hatua, lakini lazima upate Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Kama unacheza zaidi ya kuandika, Pi1541. Angalia tu SD2IEC nyingi huchukua 5 V kwenye tundu la kaseti. Nunua yenye tundu la kupitishia, la sivyo kila ukitaka 1530 utazima na kuchomoa.

---

BintiShela

Si sandukuni tena, na isiegemee ukuta wa matumbawe, kuta hizo hutoa chumvi zenyewe. Kontena la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, gramu 200 za silika jeli ya rangi. Ikibadilika rangi, oveni nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, irudishe. Ikiwa mezani, ifunike kwa kitambaa cha pamba, si nailoni. Na iwashe angalau mara moja kwa wiki, nusu saa, hasa miezi ya mvua. Joto lake lenyewe ndilo linalofukuza unyevu chini ya soketi.

Vifaa ukiagiza vikishushwa Mokowe, mwambie mtumaji afunge mifuko miwili ya plastiki ndani ya boksi. Mashua haijui umebeba chipu.